Mia Tano ya Saa Nne

Ikibaki dakika tano kufika saa nne asubuhi, mzee wa kahawa wa kijiwe chetu hapa Charambe, Mbagala, Dar es Salaam, hunyanyua jiko lake la mkaa na kulisogeza nyuma ya benchi. Hajaagizwa na mtu. Anajua kengele ya shule ikilia, njia hii si yetu tena. Na juzi ikalia. Geti likafunguka, watoto wakamiminika na mashati yao meupe, kaptula za bluu, sketi za bluu, kila mmoja kafumba ngumi. Ndani ya ngumi mna mia tano. Kwa wengine mna mia mbili. Kwa wengine hamna kitu, na hao nitawarudia.

Nje ya geti meza zilishapangwa. Karai la mihogo linafuka moshi, chachandu ipo kwenye ndoo ndogo. Pembeni yake chipsi, kachori, bagia, sambusa za viazi. Kuna ubuyu wa rangi nyekundu, kuna krips kwenye vipakiti vilivyofungwa kwa moto wa mshumaa, kuna barafu za rangi na sukari. Kuna pipi, jojo na bisikuti. Matunda alikuwa nayo mmoja tu, maembe mabichi yaliyokatwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili, na yakaisha kabla hajakaa vizuri. Mafuta ya karai moja niliyaangalia kwa karibu. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala.

Mzee wa kahawa akasonya. Msonyo mrefu, ule unaotokea kwenye magego.

"Mnatazama?" akasema. "Dakika ishirini tu, na shule nzima imeshakunywa mafuta."

Kijana wa bodaboda akacheka kidogo. "Lakini mzee wangu, si wameshiba?"

"Wamenyamazishwa, mjukuu wangu. Kushiba ni kitu kingine."

Gumzo likaanzia hapo, na halikuisha siku ile. Lilikuja kesho yake, likaja na keshokutwa. Nimeamua kuliandika kwa sababu nimechoka kulisikia likizaliwa kwenye benchi na kufia kwenye benchi.

Naanza na langu. Nina mtoto wa darasa la nne. Kila asubuhi anakunywa chai ya rangi na andazi, nampa mia tano, namwambia "soma kwa bidii", basi, mimi na dunia tumeachana salama. Mwaka huu mwalimu wake aliniita. Akaniambia mtoto analala darasani ikishafika saa sita, kichwa juu ya dawati, hata ukimwita anaitika kama yuko mbali. Nikajua malaria, maana kwetu huku kila kitu ni malaria mpaka kithibitike vingine. Tukaenda zahanati, malaria haikuonekana. Kilichoonekana ni kwamba damu imepungua. Mganga akaniuliza swali moja tu: "Shuleni anakula nini?"

Jamani, sikuwa na jibu. Miaka minne natoa mia tano kila siku ya shule na sijawahi kuuliza inanunua nini. Nilipomuuliza mwanangu njiani, akajibu bila kuficha: krips mbili na barafu moja. Siku ya pili yake, krips na jojo. Siku ambayo anaona amekula vizuri, mihogo miwili.

Nilipolisimulia hili kijiweni sikusikia mtu akinilaumu. Walinyamaza, kila mtu akihesabu ya kwake.

Na si mwanangu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwapima damu watoto wa kuanzia miezi 6 hadi chini ya miaka 5 nchi nzima. Katika kila watoto 100, 59 walikutwa na upungufu wa damu. Wanawake walikuwa 42 katika kila 100. Watoto 30 katika kila 100 walikuwa wamedumaa. Hao ndio wanaokuja kukaa kwenye madawati yetu. Mtoto anaingia darasa la kwanza na deni la damu mwilini, halafu tunamlipia deni hilo kwa krips.

Mwalimu mstaafu, ambaye hukaa nasi baada ya kununua gazeti lake, ndiye aliyelifungua jambo hili vizuri. Alisema nchi yetu imejitahidi sana kwa mtoto mchanga. Kuna kliniki, kuna kadi, kuna mizani. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alisaini na wakuu wa mikoa Mkataba wa Lishe, na halmashauri zilishaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. "Sawa kabisa," akasema mwalimu. "Sasa mtoto akipita miaka 5, ile kadi ya kliniki inawekwa kabatini. Mwaka unaofuata anaanza darasa la kwanza. Toka siku hiyo nani anaitazama sahani yake? Mzazi anadhani shule. Shule inadhani mzazi. Anayeitazama kwa hakika ni mwenye karai."

Fundi cherehani akasonya, akasema maneno ambayo kila mzazi wa huku huyasema: "Si elimu bure? Serikali iwapikie."

Hapa inabidi tusemezane ukweli. Waraka wa Elimu namba 5 ulitoka mwishoni mwa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 ada zikafutwa toka darasa la awali hadi kidato cha nne. Jambo kubwa, na watoto wengi wa Mbagala, Tandika, Tandale na Bunju waliingia shule kwa sababu hiyo. Waraka namba 3 wa 2016 ukaja kufafanua nani anabeba nini. Chakula cha wanafunzi wa bweni kikabaki kwa Serikali. Chakula cha mtoto wa kutwa, pamoja na sare na madaftari, kikabaki kwa mzazi. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilipangwa 10,000 kwa mwaka. Chukua hiyo 10,000 uigawe kwa siku 194 za masomo, haifiki shilingi 52 kwa siku, na ndani yake mna vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Huwezi kutoa uji humo. Mwaka 2020 ukaandaliwa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, unaotaka mwanafunzi apate angalau mlo mmoja awapo shuleni, na sufuria hiyo ikawekwa mikononi mwa wazazi na jamii wakishirikiana na shule. Kwa hiyo neno "bure" tulilisikia nusu. Tulisikia ada, hatukusikia ugali.

Mzee wa kahawa hakupendezwa. Yeye anakumbuka miaka ya sabini, alipokuwa akisoma kijijini. Walikuwa wakipewa uji wa bulga, ile ngano ya msaada, na maziwa ya unga, na baadaye shamba la shule likawapa mahindi na maharage, maana Mwalimu Nyerere alishasema tangu 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule iwe na shamba na ijilishe. "Mbona sisi tulikula?" akauliza.

"Mlikula, mzee," mwalimu akamjibu kwa heshima. "Lakini bulga ilikuja kwa meli. Meli ilipoacha kuja, sufuria zikageuzwa. Na shamba, shule hii ingelilima wapi?"

Tukageuka wote kulitazama eneo la shule. Wilaya yetu ya Temeke peke yake, kwa sensa ya 2022, ina watu 1,346,674. Kinondoni, wilaya nyingine ya jiji letu, ina 982,328. Shule zetu zimebanwa na nyumba pande zote, watoto wanasoma kwa zamu, wa asubuhi wanatoka ndipo wa mchana wanaingia. Pale penye mwembe mmoja uliobaki ndipo wanapocheza mpira. Huwezi kumwambia mwalimu wa hapa alime ekari. Kwa hiyo hadithi ya shamba la shule ni tamu, ila haipiki chungu cha Mbagala.

Jirani zetu Kenya nao walipita humo humo. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya bure mashuleni, maziwa ya Nyayo, na Wakenya wa rika letu wanayakumbuka kwa mapenzi mpaka leo. Miaka ya tisini yakakatika. Chungu kikitegemea mkono mmoja ulio mbali, mkono ukichoka, mtoto analala njaa. Lakini hao hao Wakenya wamerudi kwa njia nyingine. Mwaka 2012 dada mmoja, Wawira Njiru, alianza kupikia watoto 25 kule Ruiru. Kazi ile ikakua ikawa shirika la Food4Education. Juni 2023 Kaunti ya Nairobi, chini ya Gavana Johnson Sakaja, ikashirikiana nalo kuanzisha Dishi na County: majiko makubwa ya pamoja yanayopikia shule nyingi kwa wakati mmoja, na chakula kinapelekwa shuleni kwa gari kikiwa cha moto. Mtoto anachangia shilingi 5 za Kenya, ambayo ni kama mia moja ya kwetu. Anavaa bangili mkononi, anaigusisha kwenye mashine, anapewa sahani. Kaunti na wengine wanaongezea gharama iliyobaki.

Kijana wa bodaboda akatikisa kichwa. "Mia moja? Mimi natoa mia tano kila siku na wanangu wanarudi na njaa."

Neno lile likatua katikati ya benchi, na ndilo ninalotaka kulibeba hapa. Ile mia tano ipo. Hatuombi mtu atoe pesa mpya. Kila asubuhi tunaitoa, inaingia getini ndani ya ngumi, inatoka getini saa nne, inamalizikia kwenye karai na kwenye barafu. Tumekuwa tukisema hatuna uwezo wa kuwalisha watoto, kumbe tunawalisha kila siku, ila tunawalisha mmoja mmoja, kwa bei ya rejareja, chakula kibaya.

Fundi cherehani akatoa chaki yake ya kuchorea vitambaa, tukapiga hesabu kwenye ubao wa benchi. Tukasema tuchukue watoto 1,000 tu, ingawa shule nyingi za huku zinazidi hapo. Mia tano mara 1,000 ni shilingi 500,000 kwa siku. Kwa wiki ya siku tano ni 2,500,000. Milioni mbili na nusu zinapita kwenye geti lile kila wiki!

Sasa tupike. Tukaweka bei za kukadiria, tena tukazipandisha kidogo makusudi. Unga wa dona gramu 100 kwa kila mtoto, ni kilo 100, kwa 1,500 kilo, inakuwa 150,000. Maharage gramu 40 kwa mtoto, kilo 40 kwa 3,000, inakuwa 120,000. Mafuta lita 5, tukasema 30,000. Nyanya, vitunguu, karoti na chumvi, 40,000. Mchicha mafungu ya kutosha, 30,000. Gesi 40,000, kwa sababu Serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Wapishi wanne, kila mmoja 10,000, ni 40,000. Jumlisha. Ikaja 450,000.

Mwalimu akairudia mara mbili. Kisha akaandika chini yake, taratibu: watoto 900 wakitoa, 1,000 wanakula.

Niliahidi kuwarudia wale wenye ngumi tupu. Ndio hawa. Kwenye hesabu ile wamo 100. Kuna kijana mmoja namwona kila siku toka hapa nilipokaa. Kengele ikilia hatoki getini na wenzake. Anakwenda bombani, anakunywa maji mengi, anajipangusa mdomo kwa mkono wa shati, anarudi darasani kabla ya wote. Walimu wanaweza kudhani anapenda kusoma. Mama yake ninamfahamu, anafua nguo za watu, na siku asipopata nguo hapati. Wahenga walisema adui mwombee njaa. Walijua hakuna silaha inayomvunja mtu kama hiyo. Sasa mtoto huyu ametukosea nini mpaka tumwombee?

Ndiyo maana uji wa kulipia shuleni, ule wa "aliyelipa apange mstari", mimi siupendi hata kama ni uji mzuri. Unamfundisha mtoto wa miaka 8 kusimama pembeni. Maagizo ya Serikali yanasema mtoto asirudishwe nyumbani wala asinyimwe masomo kwa sababu ya mchango. Basi na kwenye sufuria iwe hivyo. Mstari uwe mmoja, sahani ziwe za aina moja, na jina la ambaye hakutoa lijulikane kwa watu wawili tu ofisini. Hesabu imeshatuonyesha kuwa wanaoweza wakitoa wote, hao 100 wanaingia ndani yake bila mtu kuumia.

Mtu asije akadhani shida hii ni ya huku Temeke kwenye vumbi peke yake. Shemeji yangu anaishi Kinondoni, upande wa Tegeta. Wanawe anawapeleka shule ya kulipia, gari linawafuata mlangoni. Kila asubuhi anawajazia kontena: chipsi, soseji, juisi ya pakiti, keki. Anafanya kwa upendo, na kwa fahari kidogo. Utafiti mmoja wa watoto wa shule za msingi hapa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta watoto kama 5 katika kila 100 wana unene uliopindukia. Huku mtoto hana damu, kule mtoto anahema akipanda ngazi, na wote wawili wamelishwa kitu kile kile: wanga, mafuta na sukari. Kisukari na presha ambazo wazazi wetu walizipata uzeeni, tunazipandikiza kwenye kontena la plastiki. Kwa hiyo neno langu lina pande mbili. Asiyekula ale, na anayekula, ale chakula.

Chakula chenyewe hakihitaji ufundi wa hoteli. Dona badala ya sembe nyeupe, kwa sababu sembe imekobolewa, imeachiwa wanga, sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi imekwenda na pumba. Ila dona itoke kwenye mahindi makavu, yaliyochambuliwa, yaliyotunzwa juu ya mbao. Mahindi yaliyopata unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Ugali mzuri unaanzia stoo. Maharage yalowekwe usiku na maji yale yamwagwe. Yataiva haraka, gesi itapungua, na tumbo la mtoto litatulia. Mchicha usichemshwe mpaka ukafa. Siku moja kwa wiki iwe dagaa, maana mtoto akimla dagaa na mifupa yake anapata na madini ya mifupa. Siku nyingine makande. Tunda liwe la msimu: chungwa la Muheza likiwa bei ya chini, embe likijaa, pera, papai. Tunda lenye uchachu likiliwa na maharage linausaidia mwili kuyachukua yale madini ya chuma yanayotengeneza damu. Chai inafanya kinyume chake, inayazuia. Mimi nilikuwa sijui. Miaka yote nampa mwanangu chai ya rangi na kila mlo nikidhani namchangamsha.

Tulipofika hapo mama wa mihogo alikuwa ameshauza, amekuja kununua kahawa. Alisikia sehemu ya maneno, akaweka mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mnataka kutufukuza?"

Swali la haki. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka jijini, Kinondoni ikaumia kuliko kwingine, huku kwetu meza za vyakula ziliondolewa barabarani. Wiki chache baadaye zikarudi zote, kwa sababu njaa ya saa nne haikuondoka pamoja na meza. Ukimfukuza mama wa mihogo hujamlisha mtoto. Umemwongezea njaa, na umeongeza mama mwingine asiye na hela ya kumpa mwanawe.

"Mimi wangu wawili wako humo ndani," akasema, akionyesha geti. "Mnadhani napenda wale mafuta? Nilishajaribu kuleta mihogo ya kuchemsha na maharage. Haikununuliwa. Mtoto ana mia mbili, anataka kitu kinachokatika mdomoni na kina chumvi. Mimi nauza kinachouzika, baba. Lakini nikikabidhiwa sufuria napika. Msibani nimeshapikia watu 300, na hakuna aliyelala njaa."

Mzee wa kahawa akampisha kwenye benchi, akamimina kikombe bila kudai hela.

Ndiyo kusema wapishi tunao. Wako pale pale getini, wana mikono iliyozoea moto na wanawajua watoto kwa majina. Wapimwe afya, wavae aproni, wapewe maji yanayotiririka na sabuni, wapangwe kwa zamu, walipwe. Wale watakaobaki nje wapewe masharti: mafuta yasirudiwe siku ya pili, vya kuchemsha na matunda vipewe nafasi ya mbele, rangi na barafu zisikaribie geti. Hilo kamati ya shule na serikali ya mtaa wanaliweza kabla ya Ijumaa.

Basi tatizo liko wapi, ikiwa hela ipo, wapishi wapo, mwongozo upo? Fundi cherehani ndiye aliyelitaja, na alilitaja kwa sauti ya chini. "Tulishawahi kuchanga shule moja huko nyuma. Mwezi wa kwanza tuliona ugali. Mwezi wa pili tukaambiwa mahindi yameliwa na panya." Akasonya. Na safari hii tulisonya wote.

Hapo ndipo pana kidonda. Mzazi wa Mbagala si bahili. Anachangia misiba, anachangia harusi, anatoa hela ya twisheni kila siku bila kulalamika. Kinachomfunga mkono ni kwamba hajui ikishatoka inakwenda wapi. Anaona bora mia tano aliyoishika mwanawe, hata ikinunua krips, kuliko mia tano iliyoandikwa kwenye daftari asilolifungua.

Lakini jamani, mbona wake zetu wamelimaliza jambo hili siku nyingi? Nendeni mkakitazame kikoba chochote, Jumapili jioni, barazani. Hela inahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Inaingia kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti. Sanduku liko kwa mtu wa nne. Hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake, na kwa hiyo hakuna anayemshuku mwenzake. Wamejenga nyumba kwa utaratibu huo, wamesomesha watoto. Tutashindwa kuutumia kwa kilo 100 za unga?

Stoo ya shule ipewe kufuli tatu. Ufunguo mmoja wa mwalimu, mmoja wa kamati ya shule, mmoja wa mama aliyechaguliwa na wazazi wenyewe. Kila asubuhi wafungue wote watatu, wapime mbele ya macho. Ubao usimamishwe getini, upande wa nje, uandikwe kwa chaki: leo zimeingia kilo ngapi, zimepikwa ngapi, zimebaki ngapi, wamekula watoto wangapi. Mzazi mmoja wa zamu aonje kabla ya watoto na aweke jina lake. Tukianza, tusianze na mlo mkubwa. Tuanze na uji wa lishe wa saa nne, muhula mmoja. Ubao ukisema kweli muhula mzima, wa pili tutapika ugali.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tumeuzoea msemo huu mpaka tumesahau kibaba ni nini. Ni kipimo cha nafaka. Waliousema walikuwa wamesimama mbele ya chakula, wakiona punje moja moja inavyojaza chombo cha kupikia watu.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi hii, saa tatu, chini ya mwembe. Kwa kawaida mimi hukaa nyuma, nikasikiliza, nikaondoka kabla ya mengineyo. Safari hii nitakaa mbele. Mwalimu mstaafu amenakili ile hesabu ya benchi kwenye karatasi safi. Mama wa mihogo amesema atakuja na wenzake wanne. Mzee wa kahawa, ambaye wanawe walishamaliza shule zamani, ameniomba nimhesabu naye, mia tano yake ya kila siku, kwa ajili ya yule kijana wa bombani.

Na kufuli la kwanza nimeshalinunua. Liko mfukoni mwangu ninavyoandika haya.